Kutoka CD ya CT scan hadi mifupa yako juu ya mkeka: mwongozo wa kuutazama mwili wako kwa ndani

Mgonjwa anayetoka chumba cha CT scan kwa kawaida hukabidhiwa bahasha kubwa yenye filamu nyeusi, ripoti fupi iliyoandikwa kwa Kiingereza, na pengine CD ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua kuifungua. Bahasha hiyo huishia juu ya kabati, hushushwa siku ya kliniki, kisha hurudishwa palepale. Hata hivyo, CD hiyo imebeba mengi kuliko filamu: imebeba vipimo vya mwili wako wa siku ile, silesi kwa silesi, yaani mkato mmoja mwembamba wa picha baada ya mwingine, na kwa kompyuta ya kawaida pamoja na simu ya mkononi unaweza kuutoa humo, ukauweka juu ya meza au mkeka kwa ukubwa uleule ulio nao, ukauzunguka na kuutazama kila upande. Teknolojia inayoiwezesha simu kuchora umbo la kidijitali juu ya picha halisi ya chumba huitwa uhalisia ulioboreshwa, na wengi huitaja kwa herufi mbili tu, AR.

Nilijifunza kazi hii kwa nyonga yangu mwenyewe, baada ya kuanguka na bodaboda, na humu ndani nitaeleza kosa lililoninyima usingizi kwa siku tatu, kwa sababu ni kosa ambalo kila anayeanza atalifanya asipoonywa mapema.

Kabla ya kuanza

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari amepimwa kwa sababu ya matibabu. Usiombe CT scan kwa kutaka tu kujiona. CT scan ya tumbo na nyonga humpa mtu mionzi ya takriban milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) 8 hadi 10, ilhali mionzi ya asili inayotoka ardhini, angani na katika chakula humfikia mtu kwa wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka mzima. Kipimo kimoja, kwa hiyo, kinakaribia mionzi ya asili ya miaka mitatu au minne. Kwa mgonjwa ambaye daktari anatafuta jibu la tatizo lake, faida huzidi madhara. Kwa mwenye udadisi pekee hakuna faida ya kuwekwa kwenye mizani. MRI, inayopiga picha kwa sumaku, haitumii mionzi ya aina hiyo, lakini ni kipimo cha gharama kubwa na foleni yake ina wagonjwa wanaokihitaji.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Tafuta kompyuta yenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi, kwa kuwa programu ya kuchakata picha hizi hufanya kazi vizuri kumbukumbu ya kompyuta inapokuwa mara kumi ya ukubwa wa picha zinazofunguliwa. Pakua 3D Slicer, programu ya bure ya chanzo huria iliyoanza mwaka 1998 kwa ushirikiano wa hospitali ya Brigham and Women's na chuo cha MIT katika eneo la Boston, Marekani. Pakua pia Blender, programu ya kuhariri maumbo yenye pande tatu, ambayo nayo ni ya bure. Simu iwe iPhone 6s au toleo la baadaye, au Android yenye uwezo wa ARCore, yaani mfumo wa AR wa Google. Android nyingi za bei ya kati za miaka ya karibuni zina uwezo huo, ila si zote, hivyo hakikisha kabla ya kumaliza bando.

Hatua ya kwanza: omba faili halisi, si picha ya picha

Watu wengi hupiga filamu picha kwa simu dirishani wakidhani wamepata walichohitaji. Picha hiyo haitakusaidia. Filamu huonyesha silesi chache zilizochaguliwa, tena zikiwa zimegeuzwa kuwa vivuli vya kijivu, na namba zilizopimwa na mashine zimekwisha kupotea. Unachohitaji ni faili za DICOM. Huu ni utaratibu wa pamoja wa kuhifadhi picha za tiba ulioasisiwa Marekani mwaka 1985 na kupewa jina la DICOM mwaka 1993, na leo mashine za kampuni zote kubwa huutumia, kiasi kwamba picha iliyopigwa Mwanza hufunguka Nairobi, Muscat au London bila shida.

Nenda idara ya radiolojia ulikopimiwa ukiwa na kitambulisho na namba yako ya faili, na useme kwa upole lakini kwa ukamilifu: “Naomba nakala ya picha zangu za DICOM, mifululizo yote, pamoja na ile ya silesi nyembamba.” Maneno ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mashine hupiga silesi nyembamba za milimita 1 au pungufu, kisha hutengeneza mfululizo mwingine wa silesi nene, mara nyingi za milimita 5, ambao humrahisishia daktari kusoma. Usiposema, unaweza kupewa zile nene peke yake, na umbo utakalolipata litakuwa na ngazi ngazi kama kilima cha matuta. Nenda mapema pia, kwa kuwa silesi nyembamba hula nafasi na baadhi ya vituo huzifuta kabla ya zile nene. Jiandae kulipia CD, na usishangae flashi yako ikikataliwa. Wanaogopa virusi vya kompyuta, na wana haki ya kuogopa.

Hesabu ndogo itakuonyesha ukubwa wa unachobeba. Silesi moja ya CT kwa kawaida ina pikseli 512 kwa 512, na kila pikseli huchukua baiti mbili, hivyo silesi moja ni karibu nusu megabaiti. Silesi 600 za kutoka kifuani hadi mapajani ni takriban megabaiti 300, ambazo zinaenea kwenye CD moja.

Hatua ya pili: ingiza picha kwenye kompyuta

Nakili CD yote kwenye folda ya kompyuta kwanza, maana CD huchubuka na kompyuta nyingi mpya hazina sehemu ya kuisomea. Mwenye duka la stesheni la mtaani anaweza kukunakilia, lakini simama hapo hapo mpaka amalize na umwombe afute nakala itakayobaki kwake. Ndani utakuta faili iitwayo DICOMDIR na folda zenye mamia ya faili zisizo na majina ya maana. Usibadilishe jina la faili yoyote na usihamishe chochote.

Fungua 3D Slicer, bonyeza Add DICOM Data, kisha Import DICOM files, na uchague ile folda nzima. Jina lako litatokea, chini yake tarehe ya kipimo, na chini zaidi orodha ya mifululizo. Chagua mfululizo wenye idadi kubwa zaidi ya picha, kwa kuwa huo ndio wenye silesi nyembamba, kisha ubonyeze Load. Skrini itagawanyika sehemu nne: tatu zinaonyesha mwili ukiwa umekatwa kwa mlalo, kwa mbele na kwa ubavu, na ya nne ni ya umbo lenye pande tatu, ambayo kwa sasa ni tupu.

Tulia hapa kwa muda, usikimbilie umbo. Pitisha silesi za mlalo moja baada ya nyingine kutoka juu hadi chini na ujizoeze kuzisoma. Kwa desturi ya radiolojia, silesi ya mlalo huonyeshwa kana kwamba unamtazama mgonjwa aliyelala chali ukiwa upande wa miguu yake, kwa hiyo upande wa kulia wa mwili wako unaonekana kushoto kwa skrini. Lithibitishe hilo kwa ini, ambalo ni kubwa na hukaa kulia, na kwa wengu ulio kushoto. Anayeruka zoezi hili hufika mwisho wa kazi akidhani ameumia nyonga ya kushoto kumbe ni ya kulia.

Hatua ya tatu: elewa namba kabla ya kuamini sura

Kila pikseli ya CT ni namba, na namba hiyo hueleza kiasi ambacho sehemu ile ya mwili inazuia miale ya eksirei. Kipimo chake kimepewa jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza ambaye mashine yake ilimpima mgonjwa wa kwanza katika hospitali ya Atkinson Morley, London, tarehe 1 Oktoba 1971. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimeshughulikiwa kabla yake na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alianza kulifikiria tatizo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1979, na napenda ikumbukwe kwamba sehemu ya msingi wa mashine hii iliwazwa katika hospitali ya Afrika.

Katika vipimo vya Hounsfield, maji ni 0 na hewa ni -1000. Mafuta ya mwili huwa karibu na -100. Misuli, ini na damu isiyo na dawa ya kung'arisha mishipa hukusanyika katika eneo dogo la takriban 30 hadi 60. Mfupa wa ndani wenye vitundu kama sifongo huanzia 200 au chini yake kidogo, na gamba gumu la nje la mfupa linaweza kupita 1000. Chuma cha fundi mifupa, yaani sahani na skrubu, hupanda juu zaidi na kutupa michirizi inayoharibu picha ya jirani zake.

Ukizielewa namba hizi utajua kwa nini mifupa ni rahisi kuitenga na ini ni gumu: mfupa una namba zake peke yake, ilhali ini linashirikiana namba na misuli inayolizunguka. Utajua pia kwa nini MRI haifai kwa anayeanza. Namba za MRI hazina kipimo cha kudumu. Hubadilika kwa mashine na kwa aina ya picha, kwa hiyo kanuni nitakazotoa hapa ni za CT.

Hatua ya nne: itenge mifupa

Ukitaka kuonja kwanza, ingia sehemu ya Volume Rendering, chagua mpangilio uitwao CT-Bone, kisha ubonyeze alama ya jicho. Mifupa itatokea papo hapo. Ni picha nzuri, lakini haiwezi kuhamia kwenye simu, kwa kuwa kompyuta inaichora upya kila unapoigeuza. Kwa ajili ya simu tunahitaji umbo lenye ngozi ya pembetatu, yaani uso ulioundwa kwa pembetatu ndogo ndogo zilizoungana, na hilo hutengenezwa katika Segment Editor.

Fungua Segment Editor, bonyeza Add ili kuanzisha tabaka jipya, ulipe jina la mfupa, kisha uchague Threshold, yaani kizingiti. Utaona namba mbili: ya chini na ya juu. Iache ya juu ilivyo, na ya chini uiweke 200. Kila pikseli yenye namba inayozidi hiyo itawaka rangi kwenye silesi. Isogeze polepole juu na chini huku ukitazama kingo za mfupa, kisha ubonyeze Apply, halafu Show 3D.

Hapo ndipo nilipokosea. Kizingiti cha 200 kilinipa mfupa wenye chembe chembe zilizozagaa, nami nikakipandisha hadi 400 kwa sababu umbo lilitoka safi na la kupendeza. Nikaligeuza, nikaona tundu katikati ya bawa la mfupa wa nyonga la kushoto, pana kama sarafu, lenye kingo zilizochimbika. Ripoti yangu haikutaja tundu lolote. Kwa siku tatu nilikuwa na hakika kwamba aliyesoma picha hakuliona, na nilifikiria mabaya ambayo mtu hufikiria usiku. Nilipompelekea daktari bingwa wa radiolojia kompyuta yangu, hakulitazama lile umbo hata kidogo. Alifungua silesi, akaweka kidole kwenye mstari mwembamba mweupe, akasema, “Huu hapa mfupa wako, mzima. Umeufuta mwenyewe.”

Maelezo yake ni haya. Katikati ya bawa la nyonga mfupa ni mwembamba sana, kama ilivyo kwa bawa la bega na sakafu ya tundu la jicho. Tuchukulie mfupa wenye namba 800 na unene wa milimita 1, uliolala sambamba na silesi yenye unene wa milimita 5, na milimita 4 zilizobaki ni misuli yenye namba 50. Mashine haiwezi kuonyesha vyote viwili mahali pamoja, hivyo huandika wastani: 800 kujumlisha mara nne ya 50, kugawanya kwa 5, ni 200. Mfupa mzima unaandikwa 200, na mwenye kizingiti cha 400 anautupa. Tundu halikuwa mwilini mwangu, lilikuwa katika namba niliyoichagua kwa kupenda usafi.

Kwa hiyo fuata utaratibu huu kila mara, bila kuchoka. Ukiona kitu cha ajabu kwenye umbo, rudi kwenye silesi za mahali hapohapo kwa pande zote tatu. Tengeneza umbo lingine kwa kizingiti cha 150 na jingine kwa 300, uyalinganishe matatu. Kinachotokea na kutoweka kadiri unavyobadili namba ni kazi ya namba. Halafu kumbuka kwamba hata kinachobaki katika yote matatu bado kinahitaji jicho la daktari, maana mishipa mikubwa ya neva, viungo vya mifupa na mistari ya ukuaji kwa vijana vina mianya yake ya kawaida ambayo asiyesomea huiita ufa.

Kama ulichomwa dawa ya kung'arisha mishipa kabla ya kipimo, mishipa ya damu nayo itafikia namba za mfupa na kutokea pamoja nao, hasa mshipa mkuu unaopita mbele ya uti wa mgongo. Tumia Scissors kuikata pale inapojitenga. Kitanda cha mashine nacho kitatokea mgongoni kama sinia. Kiondoe kwa Islands ukichagua Keep largest island, ambayo hubakiza kipande kikubwa kuliko vyote na kufuta vingine. Kuwa mwangalifu hapa kama una mfupa uliovunjika na kuachana, kwa sababu kipande kilichoachana kitafutwa pia, nacho ndicho ulichotaka kukiona. Mwisho, pitisha Smoothing kwa Median ya milimita 2 au 3, usizidishe, maana ulainishaji hufuta nyufa nyembamba kama vile unavyofuta chembe.

Hatua ya tano: viungo laini, kwa anayevihitaji

Kwa ini, figo, wengu, kongosho na mapafu kizingiti hakitoshi, isipokuwa mapafu ambayo hewa yake huyatenga kwa urahisi. Njia iliyo nafuu ni TotalSegmentator, programu ya akili unde iliyotengenezwa na watafiti wa hospitali ya chuo kikuu cha Basel, Uswisi, ambayo toleo lake la kwanza lilitenga sehemu 104 za mwili katika CT. Huongezwa ndani ya 3D Slicer kupitia Extensions Manager, na hapo uwe na gigabaiti kadhaa za bando kwa ajili ya kuipakua. Baada ya hapo kazi yote hufanyika ndani ya kompyuta yako, na picha zako haziendi popote. Kompyuta isiyo na kadi kubwa ya michoro itachukua muda mrefu. Chagua namna ya haraka, ambayo hupunguza undani wa picha hadi milimita 3 na bado hutoa viungo vinavyotambulika.

Programu hii hukosea, hasa penye uvimbe, penye kiungo kilichoondolewa kwa upasuaji, au penye mwili uliojengeka tofauti na kawaida. Linganisha kila kiungo na silesi kabla ya kukikubali.

Hatua ya sita: liandae umbo kwa ajili ya simu

Kutoka kwenye Segmentations, chagua Export to files na uhifadhi kwa muundo wa STL. Faili hiyo inaweza kuwa na pembetatu milioni moja au zaidi, mzigo ambao simu ya kawaida haiubebi. Ifungue kwenye Blender, weka Decimate, na upunguze uwiano hadi pembetatu zibaki chini ya 100,000. Macho yako hayataona tofauti kubwa.

Kisha badilisha vipimo. 3D Slicer huhesabu kwa milimita, lakini umbo la simu huhesabiwa kwa mita. Usipozidisha ukubwa kwa 0.001, nyonga yenye upana wa milimita 280 itakuwa na upana wa mita 280, na simu itakuonyesha skrini tupu kwa kuwa utakuwa umesimama ndani yake. Kama unataka kulitazama umbo likiwa limelala, lizungushe nyuzi 90 mpaka upande wa tumbo utazame juu. Kamwe usitumie amri ya Mirror, yaani kioo, kwa sababu hugeuza kulia kuwa kushoto bila kuacha dalili yoyote. Hifadhi faili kwa muundo wa GLB kwa ajili ya Android, na USDZ kwa ajili ya iPhone.

Lipe faili jina lisilokutambulisha. Faili za DICOM zenyewe zina jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hospitali ndani ya kila silesi, kwa hiyo usimtumie mtu yeyote folda hiyo kwenye kundi la WhatsApp kwa ajili ya ushauri. Kama kipimo kilikuwa cha kichwa, jua kwamba ngozi ya uso hutengenezeka kwa urahisi kama mifupa, na umbo la uso huo linakutambulisha hata likikosa jina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na ile ya Kenya ya mwaka 2019 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nawe zihesabu hivyo.

Hatua ya saba: liweke chumbani

Mwenye iPhone ana kazi nyepesi. Ahamishe faili ya USDZ kwenye simu, aifungue kutoka Files, na achague AR. Faili haijapita kwenye seva ya mtu yeyote.

Kwenye Android, kitazamaji cha kawaida cha Google husoma faili kutoka anwani ya wavuti inayoanza na https, hivyo italazimu uipandishe mahali. Tumia nafasi yako mwenyewe ya tovuti, uipe faili jina refu la herufi zisizobashirika, utengeneze ukurasa mdogo wenye kijenzi kiitwacho model-viewer, na uweke sifa ya ar-scale iwe fixed ili umbo lisiweze kukuzwa wala kupunguzwa kwa vidole. Ukimaliza kutazama, ifute.

Sasa chumba. Simu hujua mahali ilipo kwa kufuata alama ndogo ndogo inazoziona kwenye sakafu na kuzilinganisha na mwendo wa vihisi vyake vya ndani. Vigae vyeupe vinavyong'aa havina alama za kufuatwa, na umbo litaelea na kuteleza. Tandika mkeka wa rangi au kanga yenye michoro mingi, fungua pazia mwanga uingie, kisha usogeze simu taratibu kushoto na kulia mpaka ikubali. Umbo likitua, zunguka kwa miguu yako, na usogeze simu ndani yake utazame upande wa ndani wa mfupa.

Pima kabla ya kuamini. Kwenye 3D Slicer, tumia mstari wa Markups kupima umbali kati ya ncha mbili za mbele za mifupa ya nyonga, zile unazozigusa kwa vidole chini ya mkanda wa suruali. Andika namba hiyo. Kisha laza utepe wa fundi cherehani mkekani chini ya umbo na uone kama namba zinakaribiana. Zikitofautiana sana, kosa liko kwenye hatua ya sita.

Hatua ya nane: kuliweka umbo juu ya mwili wenyewe

Hili ndilo kila mtu hulitaka, na ndilo lenye mipaka mikubwa zaidi. Lala chali mkekani kama ulivyolala kwenye mashine, mwombe ndugu unayemwamini ashike simu, aliweke umbo lililolala sakafuni na alisogeze mpaka ncha za nyonga zikutane na vidole vyako ulivyoviweka kwenye ncha zako mwenyewe. Simu nyingine hutambua mtu na kumchora mbele ya umbo, na hapo mifupa itafichika. Ikitokea hivyo, liweke kando yako na ulinganishe kwa macho.

Mkilipatia vizuri, bado mtakosea kwa sentimita kadhaa. Mifupa ya nyonga haibadiliki umbo, lakini ini, figo na wengu hushuka na kupanda kwa kila pumzi, na picha ilipigwa ukiwa umezuia pumzi, mara nyingi mikono ikiwa juu ya kichwa. Madaktari wa upasuaji wa hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, waliotumia miwani ya AR kwa wagonjwa wa uti wa mgongo mwezi Juni 2020, hawakulinganisha kwa macho: alama ya kufuatwa na kamera hufungwa kwenye mfupa wenyewe, na picha hupigwa mgonjwa akiwa tayari mezani. Mkekani hatuna alama hiyo. Kwa hiyo usimruhusu mtu yeyote achome sindano, akande, apige chuku au akunyooshe kwa kufuata mahali simu inapoonyesha, hata akiwa mzoefu wa kazi yake.

Hatua ya tisa: peleka maswali, si majibu

Kabla ya kliniki, andika mambo mawili au matatu unayotaka kuyaelewa, na kwa kila moja uandike namba ya silesi inayoonekana pembeni ya skrini, kwa sababu daktari atataka silesi kuliko umbo. Mwonyeshe umbo kwenye simu na umwombe akuonyeshe kwa kidole panapouma ni wapi, skrubu itapita wapi, na ni mfupa upi utakaobeba uzito wakati wa mazoezi. Mimi nilielewa kwa nini nilikatazwa kukanyagia mguu kwa wiki zile nilipoonyeshwa, juu ya umbo langu mwenyewe, njia ambayo uzito hupita kutoka uti wa mgongo hadi fupa la paja; maelezo hayohayo nilikuwa nimepewa mara mbili kwa mdomo na hayakuniingia.

Baada ya hapo hifadhi folda ya DICOM katika flashi mbili zilizowekwa sehemu tofauti, uandike juu yake tarehe ya kipimo na sehemu ya mwili iliyopigwa. Ukipimwa tena mwakani, folda hiyo ndiyo itakayomwezesha msomaji wa picha mpya kuona kilichobadilika.